Bawa Lisilo na Mchezo

Mwaka 1994 redio mbovu zilikuwa nyingi Kampala kuliko meza za kuzitengenezea. Sanyu na Capital, vituo vya kwanza vya FM vya watu binafsi, vilikuwa vimeanza kutangaza mwaka uliotangulia, na kila nyumba ilitaka redio yake ishike muziki ule mpya. Katika kibanda kimoja karibu na soko la Owino, kijana wa miaka 17 aliyeajiriwa kufagia alipewa kazi yake ya kwanza ya ufundi: kusafisha volyumu. Redio ikikwaruza unapozungusha kitufe cha sauti, ugonjwa wake ni mmoja. Ndani ya kitufe mna utepe wa kaboni uliopinda kama mwezi mchanga, na juu yake hutembea kidole chembamba cha chuma. Vumbi likiingia, kidole kinapoteza njia. Kijana alifungua, akapaka spiriti kwa brashi, akafunga, akashika nyingine.

Anayesimuliwa hapa ndiye anayesimulia. Amechagua kujiita fundi tu, kwa sababu ndivyo majirani wanavyomwita, na kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yake imepita mikononi mwake, si katika jina lake.

Miaka 10 baadaye fundi alikuwa na kibanda chake mwenyewe. Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, mvua ikigonga mabati, aliingia mzee mwenye kofia ya turubai na mfuko wa karatasi. Alitoa kisanduku cheusi kidogo kuliko kiberiti, chenye nyaya tatu: ya kahawia, nyekundu na ya machungwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kifungue hiki, uniambie kina nini.”

Fundi alitoa skrubu nne. Ndani aliona mota ndogo, gia za plastiki zilizopandana, kipande cha saketi, na chini ya gia ya mwisho kitu alichokijua kuliko vyote duniani. “Mzee, hii ni volyumu.” Mzee alivuta kiti akaketi. Hakuondoka mpaka jioni.

Hicho kisanduku ni sevo ya ndege ndogo za mfano zinazorushwa kwa rimoti. Rimoti hutuma amri, risiva iliyo ndani ya ndege huipokea, nayo huipelekea sevo mpigo mfupi wa umeme mara 50 hivi kwa sekunde. Mpigo wa milisekunde moja na nusu una maana ya “kaa katikati”. Ukifupishwa kuelekea milisekunde 1, mkono wa sevo unakwenda upande mmoja. Ukirefushwa kuelekea 2, unakwenda upande wa pili. Volyumu imefungwa kwenye gia ya mwisho ili kuiambia saketi mkono umefika wapi. Saketi inalinganisha amri na mahali mkono ulipo, na mota haitulii mpaka viwili hivyo vikubaliane. Fundi alikuwa amesafisha mamia ya vidude hivyo ili watu wasikie muziki. Hakujua kwamba kidude kile kile kinaweza kuinamisha bawa.

Mzee alikuwa amefanya kazi katika karakana za East African Airways, Embakasi. Shirika hilo lilianza mwaka 1946, likawa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, likafa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mganda, Mkenya na Mtanzania walikuwa wakilala chini ya bawa moja la Fokker Friendship huku wakiombana spana kwa Kiswahili. Shirika lilipovunjika alirudi nyumbani na sanduku la zana, na Kiswahili kile hakukiacha. Ndiyo maana fundi huyu, ambaye lugha yake ya kwanza ni Luganda, amejifunza ufundi wa ndege kwa Kiswahili, na leo anauandika kwa lugha hiyo hiyo. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Karakana ya Mzee ilikuwa imefika huko zamani.

Neno alilolirudia Mzee kuliko yote lilikuwa “mchezo”. Mafundi wa magari wa soko la Kisekka wanalijua: usukani unazungushwa kidogo na gurudumu bado halijasikia, hapo gari lina mchezo. Kwenye ndege, Mzee alisema, mchezo ni uongo kati ya mkono wa rubani na bawa.

Ndege za mfano za Mzee zilijengwa kwa balsa, mbao zilizomfikia kwa mabunda madogo kutoka ng’ambo. Mti huu asili yake ni nchi za joto za Amerika, na Ekuado ndiyo inayouzia dunia sehemu kubwa. Kwa Kihispania jina lake ni chelezo. Meta moja ya ujazo ya balsa ya kawaida ina uzito wa kilo 160 hivi. Mvule, tunaotengenezea milango, hupita kilo 600. Seremala mmoja wa Ndeeba, aliyezoea kubeba mbao begani, alipewa ubao wa balsa aushike akadhani anataniwa kwa boksi. Lakini mti huu si dhaifu. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza waliweka balsa kati ya tabaka mbili za mbao nyembamba wakaunda de Havilland Mosquito, miongoni mwa ndege zilizokwenda kasi kuliko zote za wakati wake. Udhaifu wa balsa uko mahali pamoja: haushiki skrubu vizuri, na ukibonyezwa kwa kidole gumba unabaki na shimo. Kazi yote ya kuweka sevo ndani ya bawa inaanzia kwenye udhaifu huo.

Bawa la mfano lina mbavu, boriti inayopita katikati, na nyuma karibu na ncha kipande kinachopanda na kushuka kwa bawaba. Wafaransa walikiita aileron, yaani kibawa, na fundi hajaona sababu ya kutafuta jina jingine. Kibawa cha kulia kikipanda, cha kushoto kinashuka, na ndege inalalia kulia. Kila kibawa kina sevo yake, imelala ndani ya bawa kati ya mbavu mbili, mkono wake tu ukitokeza chini.

Mzee alimfundisha kuanza na waya, kabla ya sevo yenyewe. Ni lazima upite ndani ya mbavu zote kutoka katikati ya bawa mpaka sevo ilipo, na bawa likishafunikwa ngozi ya plastiki huwezi tena kuingiza mkono. Walitoboa mbavu, wakapitisha bomba la karatasi iliyoviringishwa na kugandishwa gundi. Karatasi zilitoka Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa, ambako mabaki mazuri hutupwa kila jioni. Ndani ya bomba walilaza uzi. Siku ya kufunga, ncha ya uzi inafungwa kwenye waya wa sevo na kuvutwa taratibu, na uzi wa pili unaingia nyuma ya waya, ubaki humo kwa siku sevo itakapokufa.

Kisha kitanda cha sevo. Skrubu haiingii kwenye balsa tupu. Inaingia kwenye vijiti vya mbao ngumu vilivyogandishwa juu ya kifuniko cha plaiwudi chenye unene wa milimita moja na nusu. Tundu linatobolewa dogo, skrubu inazungushwa mara moja na kutolewa, tone la gundi nyepesi linaangushwa ndani na kuachwa likauke, ndipo skrubu inarudi. Sasa imekaa kwenye ukuta mgumu. Kampala ina mvua za Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Mti hunywa unyevu na kuutema, na skrubu isiyo na tone lile hulegea yenyewe bila kuguswa na mtu. Sevo huja na mipira midogo ya kuzuia mtikisiko na vipete vya shaba vya kutia ndani ya mipira hiyo. Upande mpana wa kipete unakaa kwenye mti. Ukiugeuza juu, skrubu itaufinya mpira mpaka usiwe na faida.

Mkono wa sevo haufungwi kabla ya umeme. Washa rimoti, washa risiva, acha sevo itafute katikati yake, ndipo uvalishe mkono ukiwa wima, wenye pembe mraba na kifimbo cha chuma kinachokwenda kwenye kibawa. Kifimbo kinashikwa kwenye tundu la karibu na mhimili upande wa sevo, na kwenye tundu la mbali upande wa kibawa. Fundi aliuliza kwa nini, kwani kibawa kingesogea zaidi kama angefanya kinyume. Mzee alimwambia ashike kibawa akitikise, kwanza kwa mpango wake, kisha kwa mpango wa fundi. Mikono ilijibu. Kwa mpango wa Mzee sevo ilitumia mwendo wake wote, nguvu ikaongezeka, na mchezo wa gia ukapungua hata usionekane.

Halafu kuna jambo la sevo mbili kwenye waya mmoja uliogawanyika kama panda. Zote hupokea mpigo ule ule na kuzunguka upande ule ule. Zikilazwa kama viganja viwili vinavyotazamana, moja itavuta na nyingine itasukuma, nayo ndege italala upande. Zikilazwa zote zikielekea upande mmoja, vibawa vyote vinapanda au kushuka pamoja, na ndege hailali upande wowote. Fundi aliwahi kulikosea hilo. Aligundua mezani, akashukuru.

Kosa ambalo hakuligundua mezani lilitokea mwaka 2008. Alikuwa amejenga ndege yake ya kwanza peke yake, bawa la sentimita 140, na kwa haraka ya kutaka kuirusha Jumapili alibandika sevo moja kwa utepe wa gundi pande mbili, moja kwa moja juu ya balsa. Walikwenda uwanja wa nyasi upande wa Gayaza, mbali na njia ya ndege za Kajjansi na Entebbe. Ndege ilipaa vizuri. Kampala iko meta 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo ndege ile ile inahitaji kasi zaidi ili ikae juu. Fundi aliongeza kasi akishuka kupita mbele ya watoto waliokuja kutazama. Ikasikika sauti kama ya nyuki ndani ya debe. Kibawa cha kushoto kilikuwa kinatetema. Sekunde mbili baadaye bawa lilikatika kwenye boriti.

Mzee hakusema neno. Aliokota vipande kimoja kimoja, akafika kwenye utepe, akaugeuza na kumwonyesha. Upande wa chini ulikuwa umevaa unga mweupe wa balsa. Utepe ulishika unga. Mti wenyewe haukuwahi kushikwa. Angepaka kwanza gundi nyembamba kuziba vinyweleo, au angetumia kitanda na skrubu kama alivyofundishwa, sevo isingesogea. Mzee alikisia ilisogea nusu milimita. Fundi amekihifadhi kipande kile cha utepe, na anapofundisha ndicho cha kwanza kukitoa.

Mzee alifariki mwaka 2012. Alimwachia fundi sanduku la zana la Embakasi na rimoti ya zamani ya megahezi 35, yenye antena ndefu ya kuvuta.

Kazi imebadilika tangu hapo. Oktoba 2016 Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani, ndege zenye mabawa hasa. Mwaka 2021 Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere ilizindua mradi wa kupeleka dawa za VVU kwa ndege ndogo katika visiwa vya Kalangala, ambako mgonjwa hutegemea mtumbwi na hali ya ziwa. Wapimaji wa ardhi nao walianza kutumia ndege za mabawa ya povu kupiga picha mashamba. Fundi hakuwahi kugusa ndege za Rwanda wala za Kalangala. Za wapimaji ndizo zinazofika mezani kwake, na povu halina tofauti kubwa na balsa: ni jepesi, halishiki skrubu, na sevo inayolegea ndani yake huleta tetemo lile lile. Anafungua, anaweka kitanda cha plaiwudi, anavuta waya kwa uzi. Kabla ya kuirudisha anaweka kidole gumba wima juu ya kijiti cha rimoti, anakilaza kulia, na kutazama: kidole kinakoelekea ndiko kibawa kinapaswa kupanda. Mara mbili katika miaka 15 jaribio hilo limeokoa ndege ya mteja aliyekuwa ameshailipia na kutaka kuondoka nayo.

Kuingiza na kurusha ndege za namna hii Uganda kunataka vibali, na fundi huwaambia vijana waanze na vibali kabla ya gundi. Lakini bawa lililofungwa kwenye meza halirushwi, na juu yake mwanafunzi anaweza kuona mpigo wa umeme ukigeuka mwendo, pembe mraba ikifanya kazi, na mti ukijibu mvua. Walimu wa vyuo vya ufundi wa Kampala, Jinja na Soroti, bawa moja, sevo mbili na rimoti iliyotumika vinatosha darasa zima kwa muhula. Atakayekosa mbao na aje Owino aulizie fundi wa redio. Jumamosi mchana meza iko wazi, na mabomba ya karatasi yapo tayari.