Wateja Wangu wa Kwanza Walitoka Kundi la Matanga

Mimi ni mwalimu, na siku hizi pia nauza ndengu na muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) hapa Matiliku, Kaunti ya Makueni. Naandika kwa ajili yako uliyeanzisha biashara, ukatangaza mitandaoni hadi ukachoka, na simu haijalia.

Machi 2020 serikali ilifunga shule kwa sababu ya korona. Nilikuwa nikifundisha shule ya kibinafsi. Karo ilipokoma, mshahara nao ukakoma. Nyumbani tulikuwa na ndengu za mvua ya vuli, tulizovuna Februari. Broka alikuja na bei yake ya kila mwaka. Nikaapa kwamba safari hii nitauza mwenyewe, kwa simu.

Nilikuwa katika makundi mengi ya WhatsApp: la tuliosoma pamoja, la kanisa, la wakulima, na la wenyeji wa huku wanaoishi Nairobi, lililoundwa ili tuchangiane wakati wa msiba. Siku hizo kundi moja halikuweza kuzidi watu 256. Nilichokiona ni hesabu hiyo tu: hata nusu yao wakinunua, shida zangu zimekwisha. Kila asubuhi nilibandika picha ileile ya magunia, na bei yake, kila mahali. Hakuna aliyejibu.

Siku moja niliibandika katika kundi la wenyeji, chini ya tangazo la kifo cha mzee mmoja. Mazishini waliruhusiwa watu kumi na watano tu, kwa hiyo jamaa waliokwama Nairobi walikuwa wakimlilia humo humo kwenye simu. Nami nikapitisha ndengu zangu katikati ya rambirambi. Msimamizi akanitoa. Nilikasirika, nikasema watu wetu hawapendi kuinuana. Niliamini hivyo kwa moyo wote.

Jioni alinipigia mama mmoja wa kundi hilo, nisiyemjua hata kwa sura. Nilitarajia kugombezwa.

"Mwanangu, marehemu alikuwa shemeji yangu," alisema. "Umetuumiza. Lakini naona unahangaika. Hizo ndengu zako hazina fukusi?"

Nikamweleza jinsi tunavyozikausha na kuzifunga katika mifuko isiyopitisha hewa, wadudu wakafa bila dawa. Akasikiliza, kisha akanifungua macho. Tangu tarehe 6 Aprili abiria hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi. Waliozoea kuja nyumbani na kurudi na chakula walikuwa wamefungiwa huko. Lori za mizigo zilipita, lakini nani angeweka gunia la kilo 90 katika chumba kimoja cha kupanga?

"Pima kilo mbili mbili," akasema. "Halafu nyamaza, usome watu wanakosa nini."

Alimwomba msimamizi anirudishe. Nikaomba radhi, nikachanga kidogo nilichokuwa nacho, nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu, vidole viliniwasha. Lakini niliposoma yale niliyokuwa nikiyaruka, nilikuta watu. Mmoja alitafuta muthokoi uliotwangwa kwa kinu. Mwingine alilalamika kuwa ndengu alizonunua mjini haziivi. Nikamweleza kwamba ndengu zilizokaa muda mrefu huwa ngumu, aziloweke usiku kucha. Sikutaja bei. Aliiuliza mwenyewe.

Yule mama ndiye aliyenunua kwanza, na mfuko wake ulikuwa na mawe. Aliniambia faraghani. Kwenye kundi aliandika tu kwamba mzigo umefika na ndengu zimeiva haraka. Sikustahili kufunikwa hivyo. Tangu siku hiyo nyumba nzima hupepeta na kuchambua kabla ya kupima.

Majirani zake wakaagiza, nao wakawaambia wenzao. Vifurushi vilishuka hadi Emali, vikapanda lori za barabara ya Mombasa. Mwaka ule Safaricom ilikuwa imeondoa ada ya kutumiana pesa kwa M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na vifurushi vyangu vidogo vilikuwa chini ya hapo. Hilo nalo sikulipanga mimi.

Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 nilirudi darasani, na biashara haikufa. Si kubwa, lakini wateja wale wa mwanzo wangali wananunua. Tamaa ile pia ingali nami. Nikiingia kundi jipya, mkono hutangulia kutafuta picha ya magunia, na kila mara namwomba Mungu auzuie.

Ndugu yangu, dada yangu, simu yako isipolia usikimbilie makundi mengine. Rudi katika lile ulilomo, usome waliyoandika mwezi huu, umjibu mtu mmoja ambaye hakujibiwa. Na kama uliwakosea, omba radhi kabla ya kutaja bei.