Barua kutoka Texas: Rafiki Anapokopa kwa Jina la Mwenzake



Huku Houston mgeni hufikia kwa mtu wa nyumbani, na barua zake za benki huingia sanduku moja na za mwenyeji. Mwenyeji huijua tarehe ya kuzaliwa ya mgeni, namba yake ya Social Security inayomtambulisha kwa serikali na benki, hata anavyosaini. Ndivyo mkopo wa gari unavyoweza kuchukuliwa kwa jina la muuguzi aliye zamu ya usiku, asijue lolote mpaka wadai wampigie simu.

Sheria ya Marekani huuliza kwanza: mwenye jina alimruhusu aliyekopa? Aliyempa rafiki kadi ya mkopo anunue mafuta tu, rafiki akanunua televisheni, kwa kawaida deni ni lake mpaka aiarifu benki kwamba ruhusa imekwisha. Aliyesaini udhamini hulipa. Saini ya kughushi ni jambo jingine: haimfungi mwenye jina, humfunga aliyeighushi. Na kadi ikitumiwa bila ruhusa yoyote, mwenyewe hadaiwi zaidi ya dola 50.

Haki hiyo hudaiwa kwa makaratasi. Mwathirika hutoa taarifa kwenye tovuti ya serikali, IdentityTheft.gov, na polisi pia, kisha hupeleka taarifa hizo kwa kampuni za taarifa za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Zikishapokea taarifa na kitambulisho, zina siku 4 za kazi kulizuia deni hilo lisionekane kwenye faili lake la mikopo. Kufunga faili hilo ili mkopo mpya usipitishwe ni bure tangu 2018. Aliyekopesha naye, akiombwa kwa maandishi, hutoa nakala za maombi ya mkopo ndani ya siku 30. Hapo ndipo saini mbili huwekwa mezani zikalinganishwa.

Pagumu ni kwenye kikao cha jumuiya ya watu wa nyumbani. Wazee husihi yaishe nyumbani, nao wana sababu: asiye raia akitiwa hatiani kwa ulaghai wenye hasara inayozidi dola 10,000, anaweza kufukuzwa nchini. Lakini ahadi ya kulipa kidogo kidogo haisafishi jina kwa wakopeshaji, na anayelilipa deni la kughushi kimyakimya anaweza kuhesabiwa kuwa amelikubali.

Aliyekwisha kulipa bado ana mahakama ya madai madogo, ambayo Texas husikiliza mashauri ya hadi dola 20,000, wala wakili si lazima. Huko huenda na risiti, na jumbe za WhatsApp zilizochapishwa, hasa ule ambao rafiki aliandika: “Nisamehe, nitalipa.”