Gobori la Ukutani Likitiwa Baruti

HEBU tuanze na jambo ambalo huenda likakushangaza. Nchini Uingereza, ambako sheria za silaha ni kali kuliko za mataifa mengi, mtu anaweza kwenda mnadani mchana peupe, akanunua bunduki iliyotumiwa vitani miaka 200 iliyopita, akaipeleka nyumbani na kuitundika ukutani bila cheti chochote cha polisi. Si magendo, wala si hongo. Ni sheria yenyewe inayoruhusu.

Jambo hili lilinifikia kwa njia ya familia. Mpwa wangu anasomea uhandisi mjini Manchester, na katika mwaka wake wa pili alijiunga na kikundi cha watu wanaoigiza vita vya kale. Mamake, ambaye ni dada yangu, alipoona picha ya kijana amevaa kofia ya chuma huku moshi umetanda nyuma yake, alinipigia simu sauti ikimtetemeka. "Kaka, huyu tulimpeleka kusoma au kupigana?" akauliza. Nilimtuliza, kisha nikaanza kuchunguza, kwa maana mjomba hawezi kutoa shauri katika jambo asilolijua.

Waigizaji hawa si wanajeshi. Ni walimu, makarani, mafundi na wanafunzi ambao wikendi huvaa mavazi ya enzi zilizopita na kuonyesha jinsi mapigano yalivyokuwa. Chama kimojawapo mashuhuri, Sealed Knot, kilianzishwa mwaka wa 1968. Huigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, vilivyopiganwa kati ya 1642 na 1651 baina ya wafuasi wa Mfalme na wafuasi wa Bunge. Kwa kawaida kila Januari hukusanyika katika mji wa Nantwich kukumbuka vita vya 1644. Wazazi hubeba watoto mabegani ili waone. Bunduki hulia kwelikweli, lakini ndani yake huwa hamna risasi, ni baruti tupu.

Bunduki zenyewe ni zile ambazo wazee wetu waliziita magobori. Baruti humiminwa kupitia mdomo wa mtutu, ikashindiliwa kwa mdeki, kisha risasi ikafuata. Bunduki ya mrao ililipuliwa kwa utambi uliowashwa moto, na ya gumegume kwa cheche za jiwe. Nasi hapa pwani tunazijua. Fort Jesus ilipozingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, silaha za aina hiyo ndizo zilizonguruma Mombasa.

Sasa, mpwa wangu alikuwa ameona bunduki moja ya kale ikiuzwa. Muuzaji alimwambia haitaki cheti. Kijana akaniandikia kwa furaha: "Mjomba, ya nini nihangaike na polisi? Nitainunua hii, kisha niende nayo uwanjani na wenzangu."

Hapo ndipo penye mtego, msomaji. Sheria ya Silaha ya 1968, katika kifungu cha 58, inaisamehe bunduki ya kale ikiwa tu mwenyewe ameiweka kama kitu cha ajabu au cha pambo. Maneno hayo ni machache lakini yana uzito. Siku unapokusudia kuitia baruti na kuilipua, hata bila risasi, pambo limekwisha. Umeshika silaha, na unatakiwa uwe na cheti kama mwenye bunduki nyingine yoyote. Kumiliki bunduki bila cheti kwaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 5. Isitoshe, sheria ya mwaka 2007 inaagiza kwamba mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi afukuzwe nchini, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Fikiria basi: karo yote ile, miaka yote ile ya masomo, ipeperuke pamoja na moshi wa gobori!

Na je, gobori lililoundwa juzi kwa mfano wa la kale? Hilo halina msamaha hata likining'inia ukutani, kwa sababu si la kale bali ni jipya lenye sura ya kizee. Likiwa na mtutu laini ndani, wenye urefu usiopungua sentimita 61, huhesabiwa pamoja na bunduki za marisawa. Likiwa na mifuo ndani ya mtutu, huhitaji cheti kingine kilicho kigumu zaidi kupata, na mwombaji lazima aonyeshe sababu ya maana. Tena baruti nyeusi ni kilipuzi, nayo ina cheti chake peke yake. Polisi huuliza itawekwa wapi, nani ataufikia ufunguo, na mwombaji ni mtu wa tabia gani.

Usidhani Waingereza walijiwekea vikwazo hivi kwa kupenda makaratasi. Machi 1996, katika mji wa Dunblane huko Scotland, mtu aliingia shuleni na bastola akawaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata bastola zilipigwa marufuku karibu zote. Zile za kujazia mdomoni ziliachwa nje ya marufuku hayo, kwa kuwa huchukua muda mrefu kujazwa, lakini bado zinahitaji cheti.

Nayo bunduki ya kale si lazima iwe mzee asiye na meno. Mwaka 2017, mahakamani Birmingham, mfanyabiashara wa silaha alifungwa miaka 30 kwa kuyapatia magenge bastola za kale alizozitengenezea risasi mwenyewe. Hizo hazikuwa magobori, zilikuwa za kutumia risasi za kasha, lakini mlango alioupitia ni uleule wa msamaha wa vitu vya kale. Machi 2021 kanuni mpya zilianza kutumika. Zinataka bunduki ya kale iwe ilitengenezwa kabla ya Septemba 1, 1939, na zinataja aina za mitambo na risasi zinazokubaliwa. Baadhi ya aina zilizokuwa huru ziliondolewa katika orodha. Kabla ya hapo, mwaka 2014, watu waliowahi kufungwa miaka 3 au zaidi walikatazwa kuwa hata na hizo za kale.

Wamarekani wameshika njia nyingine. Sheria yao ya taifa, nayo ya 1968, huitazama zaidi bunduki kuliko nia. Iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni ya kale, na hata gobori jipya linalotumia baruti nyeusi kwa kawaida huhesabiwa hivyo. Serikali ya taifa haidai leseni kwa hilo, ingawa majimbo mengine yana masharti yao. Wengi husema hakuna ubaya, kwani nani atavamia benki na bunduki inayojazwa kwa karibu nusu dakika kila mlio?

Hoja hiyo ina mantiki, lakini mimi Mwafrika nina sababu ya kuitilia shaka sheria inayopima silaha kwa umri pekee. Katika Mkataba wa Brussels wa 1890, mataifa makubwa yalizuia silaha kuingia Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa ikweta, eneo ambalo nchi yetu imo ndani yake. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Lakini bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida, zingeweza kuruhusiwa. Yaani Mwafrika angeachiwa gobori, huku aliyekuja kumtawala akiwa na bunduki ya kisasa na mzinga wa Maxim. Sheria hiyo haikumuuliza mtu anakusudia nini. Ilihakikisha tu nani atakuwa nyuma ya mwenzake.

Ndiyo maana naiona busara katika swali la Waingereza: unataka kuifanyia nini? Wapo waigizaji wanaolalamika kwamba vyeti viwili, kabati la chuma na ukaguzi wa polisi vinawachosha watu wasio na hatia. Nawaelewa. Lakini baruti bila risasi pia huunguza uso na kupofusha jicho, na mdeki uliosahauliwa ndani ya mtutu huruka kama mshale. Vikundi vingi havishindilii kwa mdeki uwanjani kwa sababu hiyo. Anayeomba watazamaji wamwamini na watoto wao hana budi kukubali naye kuulizwa.

Kijana wetu anaishi bwenini na hana mahali pa kufungia bunduki, kwa hiyo alishauriwa na wakubwa wa kikundi achukue mkuki mrefu, unaokaribia mita 5, ambao hautaki cheti. Sasa husimama safu moja na wenzake na kusukumana na adui wa kuigiza. Dada yangu bado hapendi, lakini usingizi umemrudia.

Mzazi uliye na mtoto ng'ambo, muulize anafanya nini wikendi, na kabla hajanunua kitu cha kale chenye mtutu, mwambie asome sheria yote, si ile nusu anayosomewa na muuzaji. Asije pia akadhani ataifunga sandukuni na kuileta nyumbani kama zawadi. Hapa Kenya silaha zina Sheria yake, Sura ya 114, na Bodi yake ya kutoa leseni, na hao ndio wa kuulizwa kwanza. Na kama katika nyumba ya marehemu babu mmekuta gobori darini, msilichezee wala msijaribu kama bado linalia. Piteni polisi mtoe habari, mkiliacha palepale lilipo. Heshima ya babu haipungui kwa kufuata sheria, lakini mjukuu aliyepoteza jicho harudishiwi.