Utavaa nini siku ya mahojiano ya kazi?



Mama anapotafuta kazi, mara nyingi habari ya kuitwa inamufikia siku mbili ao tatu mbele. Simu inalia: "Mama, uje Alhamisi saa tatu, na dosye yako." Nyumba yote inafurahi, na mbele ya jua kushuka swali linafika: utavaa nini? Kila mtu wa nyumba ana jibu lake, na kila jibu linaomba franka. Mwanaume anasafisha viatu, anaazima kravati kwa ndugu yake, mambo yamekwisha. Kwetu sisi, nguo inaulizwa mambo mengi: kama tuko na heshima, kama tumeolewa, kama tuko na pesa, kama tuko na mimba. Leo nataka kuongea juu ya hilo la mwisho, pamoja na mambo mengine madogo yanayoweza kusaidia.

Mwaka 2018, mwezi wa saba, niliitwa na shule moja ya watu binafsi hapa Bukavu. Walitafuta mwalimu wa Kifaransa kwa sekondari. Nilikuwa na diploma yangu ya ISP, miaka sita ya kufundisha, na mimba ya miezi minne. Kule nilikokuwa ninafundisha, jina langu lilikuwa halijaingia kwenye mshahara wa serikali. Tuliishi kwa prime ya wazazi, ambayo mwezi huu inafika nusu, na mwezi ule haifiki kabisa. Shule hiyo mpya ilikuwa inalipa kila mwezi. Kwa nyumba yetu, hiyo ilikuwa tofauti kati ya kulipia watoto wawili shule kwa wakati, na kuwaona wanarudishwa nyumbani saa nne na kartable mgongoni.

Jioni ile yaya yangu alifika na boubou pana sana. Akaniambia: "Vaa hii. Hata muganga hataona kitu." Mama mukwe alitaka nivae kikwembe na kitambaa cha kichwa, sababu mwanamke wa heshima anajulikana kwa hivyo. Mwalimu mwenzangu alisema kikwembe ni cha kanisa na ndoa, kwamba kazini watu wanataka tayeri nyeusi, koti na jipu, kama wamama wa benki. Alikuwa ameona moja kwenye mitumba ya soko la Kadutu, dola 35. Na mimi nilikuwa nimetoka kupokea zamu yangu ya likelemba, dola 50, ambazo zilikuwa tayari na kazi yake: shule ya watoto, mwezi wa tisa.

Nilichukua karatasi nikaandika kila shauri na bei yake. Tayeri ingekula zaidi ya nusu ya pesa ya watoto, na kwa tumbo langu ingevaliwa siku moja tu. Boubou ilikuwa bure, lakini ilikuwa na bei ingine. Mwezi wa tisa ningesimama mbele ya watoto hamsini na tumbo la miezi sita. Kama wangenichukua juu sikuonekana, wangeniangalia namna gani siku nimeonekana?

Hapa ni vizuri wamama wote tujue sheria inasema nini, sababu wengi tunaogopa kitu ambacho kimekwisha kuandikwa kwa faida yetu. Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba uzazi hauwezi kuwa sababu ya ubaguzi katika kazi. Inakataza kumuomba mwanamke anayetafuta kazi apimwe mimba, ao alete karatasi ya kuonyesha kama ana mimba ao hana. Mama aliyeajiriwa ana haki ya kupumzika kwa uzazi wiki 14, akiendelea kupata theluthi mbili za mshahara. Akirudi kazini na angali ananyonyesha, ana haki ya kupumzika mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara, kwa ajili ya mtoto. Sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadili sehemu fulani za Kanuni hiyo, lakini ulinzi huu ungali pale.

Kwa hiyo hakuna anayemulazimisha mama kutangaza mimba yake. Kila mmoja anaangalia hali yake, na simuhukumu anayevaa boubou. Mimi nilichagua nguo yenye kunitosha vile nilivyokuwa, isiyoficha na isiyoonyesha. Nilitoa kikwembe changu cha rangi ya buluu, nilichokuwa nimevaa kwa siku ya waalimu, tarehe 30 Aprili. Fundi alinishonea bluzi mpya ya kitambaa cheupe, yenye mikono na nafasi mbele, kwa franka 8.000. Yaya alinung'unika. Mama mukwe alinipatia hereni zake ndogo.

Kule shuleni walikaa watu watatu. Waliuliza juu ya programu, juu ya nidhamu, wakanipatia chaki nifundishe dakika kumi. Mwisho mmoja akaangalia tumbo langu, akasema: "Mama, ni kama uko muzito?" Nikajibu: "Ndiyo, nitazaa mwezi wa kumi na mbili. Mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja nitafundisha." Wakaangaliana. "Tutakuita." Hawakuita. Nilikwenda kuuliza mara mbili, mlinzi akaniambia nafasi imekwisha kupata mtu. Nilirudi kwa miguu mpaka nyumbani, na siwezi kuwadanganya kwamba haikuniuma. Usiku ule yaya alinyamaza, na kunyamaza kwake kulisema yote.

Mwisho wa mwezi wa nane shule ingine iliniita. Fundi aliachia mishono ya bluzi ile ile, nikavaa kikwembe kile kile. Direkta wa hapo alikuwa mama. Yeye pia aliona, na yeye pia aliuliza, lakini aliuliza hivi: "Utazaa lini, ili tupange nani atashika kalasi zako?" Nilianza kazi mwezi wa tisa. Mtoto alizaliwa tarehe 9 Desemba, na kazi ilikuwa inaningojea.

Tangu hapo nimekaa mara tatu upande wa wanaouliza, shule yetu ilipotafuta waalimu. Ninawaambia wazi kile nilichoona. Hakuna aliyepata nafasi sababu ya bei ya nguo yake. Lakini nguo inayomusumbua mwenyewe inamuharibia. Mama anayevuta jipu kila dakika hawezi kusikia swali vizuri. Basi, siku moja mbele, vaa nguo yote nyumbani. Kaa kwenye kiti, simama, inama uokote kalamu. Kama unaomba ualimu, inua mkono kama unaandika juu kabisa ya ubao. Bluzi ikipanda na kuonyesha mgongo, ongeza urefu. Chaki inaonekana sana kwenye nguo nyeusi.

Fikiria njia pia. Kwenye moto, kikwembe chenye kubana kinakufanya ukae upande, na ni hatari. Funga chenye nafasi, ao uvae jipu pana. Hapa kwetu mvua na matope vinajulikana: vaa kapalata njiani, viatu viwe kwenye mfuko, na kitambaa chenye maji cha kupangusia miguu. Piga pasi mapema, usingoje asubuhi na umeme umekatika. Mama anayenyonyesha avae bluzi yenye vifungo mbele, na aweke kitambaa safi ndani, maana maziwa hayangoji mwisho wa maswali. Manukato makali yaache. Na kama anayekuita anakutania juu ya mwili wako, ao anataka mkutane jioni mahali pengine kuliko ofisi, hakuna nguo ya kutatua jambo hilo. Toka, ukaambie wamama wenzako.

Kuhusu kikwembe ao pantalo, tukumbuke kidogo historia. Wamama wetu walioishi wakati wa Zaire wanajua kwamba Mobutu, katika siasa yake ya otantisite, alikataza kositimu na kravati kwa wanaume, wakavaa abakosi, na wanawake wakakatazwa pantalo. Mwaka 1990 alipofungua siasa, kravati zilirudi. Sehemu ya kile tunachoita desturi ya wazee, basi, ilikuwa amri ya serikali. Na waksi yenyewe tunayoipenda ilianza kama kazi ya viwanda vya Uholanzi, vilivyoiga batiki ya Java. Sisemi hivi ili tuache kikwembe. Mimi mwenyewe nakivaa kila wiki. Nasema ili mama mukwe na binti wasigombane kwa jambo hili. Ofisi inayozoea pantalo, binti avae pantalo safi. Shule inayoomba kikwembe, avae kikwembe. Pita huko siku moja mbele, usimame karibu na mlango, uangalie wanaofanya kazi pale wanavaa nini.

Katika kikundi chetu tumeanza kitu kidogo. Kila mama aliyekuwa na nguo nzuri asiyoivaa tena ameitoa. Sasa tuna bluzi saba, majipu manne, makoti mawili, vikwembe vitano, na viatu vya namba 38, 39 na 40. Vinakaa kwa muweka hazina, na daftari. Anayeitwa kwa kazi anaazima bure, anarudisha vikiwa vimefuliwa na kupigwa pasi. Hatuna bado nguo ya mama mwenye mimba. Bluzi yangu nyeupe imechakaa, lakini nimempatia fundi kama mfano, atashona mbili wiki hii. Mwenye kipande cha kitambaa, hata yadi mbili, akilete siku ya mkutano.