Jiwe la mwaka 2029: jibu kwa mama aliyeniuliza

Kuna sauti moja inayozunguka kwenye simu za watu hapa Bunia. Msemaji hajitaji jina. Anasema jiwe kubwa litatoka angani na kuanguka duniani siku ya Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, na kwamba wakubwa wanajua lakini wanaficha. Nimetumiwa sauti hiyo zaidi ya mara kumi. Kwenye eneo moja la watu waliokimbia vita, mama mmoja aliniuliza: «Muandishi, kama ni hivyo, kuna faida gani kurudi kulima kwetu?»

Sikumcheka. Hapa Ituri wako waliopuuza uvumi wakafa, na wako walioamini uvumi wakaacha shamba na mbuzi bure. Mtu aliyekimbia mara tatu ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kujibiwa vizuri.

Jiwe lenyewe lipo kweli. Linaitwa Apophis, na wataalamu wamelipa namba 99942. Upana wake ni kama mita 340. Liligunduliwa tarehe 19 Juni 2004 na Roy Tucker, David Tholen na Fabrizio Bernardi, kule Arizona, Marekani. Waliliona siku mbili tu, kisha likapotea. Mwezi wa Desemba mwaka uleule likaonekana tena kutoka Australia.

Apophis inazunguka jua kwa siku kama 324, na njia yake inakata njia ya dunia yetu. Neno hilo «inakata» ndilo linaloogopesha watu. Lakini fikirieni njia panda mahali pikipiki nyingi zinapita. Njia mbili kukutana si ajali. Ajali inatokea pikipiki mbili zikifika pale kwa wakati mmoja. Na dunia haisimami kusubiri: inakwenda karibu kilomita 30 kila sekunde. Kwa dakika saba hivi inakuwa imekwisha kutoka kabisa pale ilipokuwa.

Hata hivyo, hofu ilikuwa na chanzo. Mwishoni mwa Desemba 2004, hesabu zilionyesha nafasi 1 kati ya 37 kwamba jiwe litagonga dunia mwaka 2029. Wataalamu hawakuificha namba hiyo. Waliitangaza mbele ya watu wote. Kisha wakatafuta kwenye picha za zamani na kulikuta jiwe kwenye picha za mwezi wa Machi 2004, zilizopigwa kabla mtu yeyote hajalitambua. Wakarudia hesabu, na hatari ya mwaka 2029 ikaondoka. Machi 2021 walilipima tena kwa rada kutoka California. Jibu likawa: kwa muda wa miaka 100 hivi, Apophis haitagonga dunia.

Itapita karibu, hilo ni kweli: kilomita kama 32.000 kutoka ardhini, chini kidogo ya satelaiti zinazoleta picha kwenye parabole zetu. Mvuto wa dunia utapindisha njia yake, na baada ya hapo itatumia zaidi ya mwaka mmoja kuzunguka jua. Afrika ni sehemu mojawapo ambako wataiona kwa macho tu, kama nyota inayotembea polepole. Kwa saa za hapa kwetu itakaribia kabisa kabla kidogo ya saa sita ya usiku. Shida yetu itakuwa mawingu, maana Aprili ni mwezi wa mvua.

Kwa hiyo mama, nilikujibu siku ile na leo narudia: kama usalama utarudi kijijini, usiache mbegu zako kwa sababu ya jiwe hili. Ya kuchunguza kabla ya kurudi ni barabara na hali ya kijiji, na mengine yote unayoyajua kunishinda.

Nanyi wengine, mkipokea sauti ya namna hiyo, ulizeni mambo matatu: ni nani anasema, amejuaje, na nani mwingine amehakikisha? Msemaji wa sauti hii hana jibu hata kwa moja. Basi msiitume kwa mwingine. Ileteni kwetu redioni, tuichunguze pamoja.