Nyama ya Maji na Samaki wa Sichuan

Mgeni aketiye katika hoteli ya mji wa Chengdu, jimboni Sichuan huko Uchina, huweza kudanganywa na jina la chakula. Huagiza nyama ya ng'ombe "iliyochemshwa kwa maji," lakini bakuli liletwapo mezani limefunikwa kwa pilipili nyekundu na mafuta yatokotayo. Humo mna pia huajiao, punje za mti wa kwao, ambazo haziwashi kama pilipili bali huutia ulimi ganzi.

Husimuliwa kwamba chakula hicho kilianza Zigong, mji wa visima vya chumvi. Mwaka 1835 kisima kimoja huko, Shenhai, kilipita kina cha meta 1,000, kikichimbwa kwa chuma kilichoning'inizwa kwa kamba za mianzi. Ng'ombe ndio waliozungusha gurudumu la kuvuta maji ya chumvi. Aliyechakaa alichinjwa, nao vibarua wakaichemsha nyama yake kwa chumvi na huajiao. Ugumu wake mkulima ajuaye ng'ombe wa plau atakisia mwenyewe. Hata leo hukatwa nyembamba na kupakwa wanga.

Samaki naye hupikwa vivyo hivyo. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2021 Serikali imekataza uvuvi katika mto Yangtze na mito mikubwa iuingiayo kwa miaka 10, kwa kuwa samaki walikuwa wakiisha. Wavuvi zaidi ya 200,000 waliziacha nyavu zao. Samaki wa bakulini sasa amefugwa bwawani, kama kuku bandani.