Gharama ya Kujitangaza

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi niliyaamini maneno hayo kama nilivyoamini makali ya kisu changu. Baba yangu aliuza nyama ya mbuzi Kiamaiko pasipo kuandika hata ubao mlangoni. Na mimi niliporithi meza yake, mizani yake na deni lake dogo, nilirithi pia kiburi chake cha kutojitembeza. Siku nilipokiacha kiburi hicho, nilikiacha vibaya. Habari ya namna nilivyokiacha ndiyo nitakayo kuwasimulia vijana wasomao, kwa sababu aliyenitoa katika hasara alikuwa mwanafunzi kama wao, na hasara yenyewe ilikuwa karo yake.

Asiyeijua Kiamaiko na aelezwe kwa maneno machache. Ni mtaa wa mashariki ya Nairobi, jirani na Huruma na Mathare, nao una sifa kwa jambo moja: mbuzi. Malori huwaleta mbuzi na kondoo wa wafugaji wa kaskazini, kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo. Alfajiri machinjio huwa yamekwisha amka, na jua halijapanda sana ila nyama imekwisha safiri kwenda katika mahoteli, mabucha na nyumba za sherehe. Lugha za Waborana, Wagabra, Waburji na Wasomali husikika hapo pamoja na Kiswahili. Mnunuzi wa Kiamaiko hamnunui mbuzi kwa macho. Humpapasa mgongo kwa kiganja apime mnofu, ndipo ataje bei. Na bei hiyo huitoa katika hesabu ya nyama atakayoipata, si katika sauti ya dalali. Msomaji, likumbuke jambo hilo dogo. Mimi nililisahau, na kulisahau kwangu ndiko asili ya kisa hiki.

Nilikuwa na jirani aliyeanza kuchinja mbuzi wengi kuliko mimi, hali mbuzi wake hawakuwa wanono kuliko wangu. Nilipomdadisi alicheka, akaniambia kuwa mtu akitaka mbuzi wa arusi siku hizi hamwulizi jirani, huiuliza simu yake. Na simu hiyo humtajia kwanza yule aliyelipa ili atajwe. Maneno hayo yaliniingia kama mwiba. Nikaazimu kutajwa.

Tangazo la namna hii halilipiwi kama tangazo la gazeti. Mfanyabiashara huchagua maneno anayodhani wateja wake watayaandika katika mtambo wa kutafutia. Mtu anapoyaandika, mnada hufanywa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na washindi huonyeshwa juu ya orodha. Mwenye tangazo halipi kwa kuonekana. Hulipa pale tu mtu anapolibofya tangazo lake. Desturi hii ilianzishwa mwaka 1998 huko California na GoTo.com, kampuni ya Bill Gross. Google ilifungua huduma yake ya matangazo mwaka 2000 kwa jina la AdWords, ikaingiza mnada wa kulipa kwa kila mbofyo mwaka 2002, na tangu mwaka 2018 huduma hiyo huitwa Google Ads.

Mnada huu una ajabu mbili. Ya kwanza, fedha peke yake hazitoshi kushinda, maana mtambo hupima pia kama tangazo lamfaa mtafutaji. Tangazo la maskini linalohusu laweza kukaa juu ya tangazo la tajiri lisilohusu. Ya pili, katika mnada huo wa kawaida aliyeshinda hakulazimika kulipa bei yote aliyoitaja, bali ile iliyotosha kumpita aliye nyuma yake. Mnada ambao mshindi hulipa bei ya aliyemfuata ulichunguzwa na mtaalamu wa uchumi William Vickrey katika makala ya mwaka 1961. Naye alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1996 pamoja na James Mirrlees. Mambo hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua neno moja tu: lipa.

Nilipanga shilingi 500 kwa siku. Katika desturi ya matangazo hayo, siku moja yaweza kula hata mara mbili ya kiasi kilichopangwa, na nyingine ikala kidogo. Lakini mwezi hauzidi kiasi cha siku mara 30.4, ambacho ni wastani wa siku za mwezi. Kwa hiyo kikomo changu kilikuwa shilingi 15,200. Sikuwa nazo. Nilikuwa, hata hivyo, na shilingi 16,000 ambazo dada yangu aliniwekea ziwe karo ya muhula wa pili ya binti yake, aliyekuwa Kidato cha Tatu katika shule ya bweni. Nilijiambia kuwa sizili bali nazituma kazini, na kwamba zitarudi na wenzao kabla shule haijafunguliwa. Amana ikiingia mkononi mwa mtu mwenye haraka hupata majina mengi mazuri.

Mwezi ule wa Machi nilikuwa mtu wa furaha. Niliwaonyesha majirani jina langu juu ya kioo cha simu. Nao, kwa kunipongeza, kila mmoja alilitafuta katika simu yake akalibofya. Wengine walilibofya asubuhi na jioni. Nilicheka nao, nisijue kuwa nalipia pongezi zao. Simu yangu ililia mpaka usiku wa manane. Watu waliuliza mengi, na mimi niliyaita maulizo yao biashara.

Shule ilipokaribia kufunguliwa karo haikuwapo. Faida niliyopata iliingia kidogo kidogo na kuliwa kidogo kidogo: kodi ya meza, unga wa nyumbani, na mkopo wa mwenye hoteli ambaye bado hajaulipa. Nilimwendea dada yangu nikamwambia kweli. Hakunigombeza. Alinyamaza akaendelea kuchambua sukuma wiki, na unyamavu wake ulikuwa mzito kuliko matusi. Wenzake binti yule walirudi shuleni. Yeye alibaki nyumbani.

Siku ya pili alikuja mezani kwangu na daftari lake la hesabu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu.” Sikuweza kumtazama.

“Sikuja kudai, mjomba. Nataka kujua fedha zilikwenda wapi. Mbuzi mmoja hukuachia faida gani?”

Nilimjibu kuwa hubaki shilingi 600, baada ya bei ya mbuzi, malipo ya machinjio na nauli ya pikipiki.

“Na walioligusa tangazo walikuwa wangapi?”

Tulitazama simu. Walikuwa watu 608, na kila mguso ulinigharimu shilingi 25.

“Walionunua?”

Niliwahesabu kwa vidole, kisha kwa kumbukumbu, maana sikuwa nimeandika. Walikuwa 19.

Aligawanya kwa kalamu ya risasi, akapiga mstari chini ya jibu. “Kila mnunuzi alikugharimu shilingi 800, mjomba, na kila mnunuzi alikuachia 600. Kila ulipouza mbuzi ulitoa shilingi 200 mfukoni mwako ukampa mtu ahsante kwa kununua.”

Hasara yote ilikuwa shilingi 3,800. Wahenga walisema pia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nilikuwa nimeichagua ile methali ya kwanza kwa sababu ilinisifu, nikaiacha hii ya pili kwa sababu ilinitaka kazi.

Binti yule hakukoma hapo. Alifungua mahali ambapo mtambo huonyesha maneno yaliyoandikwa na watu kabla ya kulibofya tangazo, mahali ambapo mimi sikupata kupafungua hata mara moja. Tulisoma pamoja, na aibu yangu ikakua kwa kila mstari. Mimi nilikuwa nimelitoa neno “mbuzi” lifasiriwe kwa upana wote. Basi alikuja aliyetafuta namna ya kupika mbuzi, aliyetafuta picha za mbuzi, aliyetaka mbuzi wa maziwa wa kufuga, na kijana aliyetafuta kazi ya kuchinja. Wote hawa walikuwa watu wema wenye haja za haki, ila haja zao hazikuwa mezani kwangu. Wengine hawakuwa hata nchini. Nilikuwa nimeacha tangazo lionyeshwe si kwa walioko Nairobi tu, bali na kwa kila aonyeshaye kuvutiwa na Nairobi. Hivyo aliyekaa ng’ambo akiikumbuka nyama ya nyumbani aliweza kulibofya, nami nikalipia hamu yake.

“Mjomba,” alisema, “kama dalali angekuletea mbuzi ndani ya gunia, ungemlipa?”

“Singemlipa kabla sijampapasa mgongo.”

“Hawa 608 uliwanunua ndani ya gunia.”

Mtambo haukunidanganya. Kila nilichokiuliza ungalinijibu, mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeitafuta bei ya mbofyo katika mnada, hali bei hiyo ilikuwa katika daftari nisilokuwa nalo. Watu 608 wakigawanywa kwa wanunuzi 19 ni watu 32 kwa kila mnunuzi. Na faida ya shilingi 600 ikigawanywa kwa 32 ni shilingi 18 na senti 75. Hapo ndipo penye mpaka. Aliyelipa chini yake hupata, aliyelipa juu yake hupoteza. Naye aliyelipa juu yake akajitangaza zaidi hupoteza zaidi. Nilikuwa na nia, mwezi ule ule, ya kuongeza bajeti iwe shilingi 1,000.

Siku zile ambazo binti alistahili kuwa darasani tulizitumia kulirekebisha tangazo. Tuliliondoa neno “mbuzi” peke yake, tukaweka maneno ya mtu aliye tayari kununua, kama “mbuzi mzima wa sherehe Nairobi”. Tuliandika orodha ya maneno ya kukataliwa: kupika, picha, kufuga, maziwa, kazi. Tulifunga mipaka, tangazo lionyeshwe kwa walioko Nairobi tu. Tukafunga na saa, lianze saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tisa alasiri, maana simu isiyojibiwa usiku ni mbofyo uliokwisha lipiwa. Niliwaomba majirani wanipongeze kwa mdomo. Bajeti tuliishusha kuwa shilingi 150 kwa siku, na kando ya mizani nikatundika daftari, na kila apigaye simu nikamwuliza amenijua kwa njia gani.

Mwezi uliofuata ulikula shilingi 4,560. Waliobofya walikuwa 190, kwa shilingi 24 kila mmoja; walionunua walikuwa 15. Kila mnunuzi alinigharimu shilingi 304. Faida yao wote ilikuwa shilingi 9,000, na nilipotoa gharama zikanibakia shilingi 4,440. Vijana na waitazame hesabu hiyo kwa makini. Bei ya mbofyo ilikuwa karibu ile ile, na wanunuzi walipungua kutoka 19 hadi 15. Lakini hasara iligeuka kuwa faida. Kilichobadilika ni wale niliowalipia. Sasa mbofyo mmoja ulistahili hata shilingi 47, nami niliununua kwa 24, kama mtu aliyempapasa mbuzi akajua uzito wake kabla ya mwenyewe kusema.

Sisemi kuwa tangazo limekuwa baba wa biashara yangu. Daftari lile lile lilinifundisha pia kuwa wateja wangu wengi bado huletwa na wateja wengine, na kwamba mwenye hoteli aliyeridhika ni tangazo lisilo na ankara. Kizuri bado chajiuza. Ila katika mji mkubwa kizuri huhitaji kuonyeshwa njia, na njia hiyo ina ushuru. Mwenye akili huujua ushuru wake kabla hajaianza safari.

Karo niliilipa kwa mafungu mawili: la kwanza kwa kuuza mizani ya baba yangu, la pili kwa faida ya mwezi ule. Shule ilikubali, na binti akarudi akiwa amechelewa wiki moja. Fedha zimerudi zote, na dada yangu amekwisha nisamehe. Huniwekea amana tena, ingawa sasa huzihesabu mara mbili mbele yangu. Wiki ile haijarudi, wala haitarudi. Ilikuwa wiki ya masomo ya mtoto asiye na kosa, nami niliitumia kujifunza kugawanya.

Kwa hiyo anaposema kijana mbele yangu kuwa hesabu za darasani hazina kazi nje ya darasa, simjibu kwa maneno mengi. Humwonyesha daftari lililotundikwa kando ya mizani mpya. Ukurasa wake wa kwanza si mwandiko wangu. Ni mwandiko wa kalamu ya risasi, wa msichana wa Kidato cha Tatu, na chini ya jibu kuna mstari mmoja uliopigwa sawasawa.